Samaki Amefika, Mvuvi Amebaki Pwani

Mvuvi wa Kunduchi au wa Nungwi akivuta wavu na kumkuta bunju kajivimbisha katikati ya changu na tasi, hana haja ya kumuuliza mtu. Anamtoa kwa uangalifu, anamtupa pembeni, kazi inaendelea. Tasi naye ana namna yake ya kushikwa, kwa sababu miiba ya mgongo wake inachoma na kidole kikavimba hadi jioni. Taa hakanyagwi, na mkia wake hauachwi ukicheza karibu na miguu ya watu ndani ya ngalawa. Mtoto wa pwani anayajua haya kabla hajajua kusoma. Ameyaona kwa baba yake na wajomba zake, amechomwa mara moja, amefokewa, na somo limeisha.

Na hata huko, pamoja na ujuzi wote huo, watu wamekufa. Mwaka 1967 jarida la kitabibu la East African Medical Journal lilichapisha kisa cha mvuvi wa Zanzibar aliyeuawa na sumu ya bunju. Kasa si samaki, lakini sumu yake hufanana na ya bunju kwa jambo moja kubwa: inapatikana kwa kula, na jiko haliiondoi. Novemba 2021 watu saba walikufa Pemba baada ya kula nyama ya kasa. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza hukohuko Pemba, wakafa watoto wanane na mtu mzima mmoja, na wengine 78 wakalazwa. Hao walikuwa watu waliozaliwa wakiitazama bahari.

Sasa mchukue samaki huyohuyo umweke sebuleni Ngara mjini, au kwenye nyumba moja Biharamulo, zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara kutoka ufukwe wa karibu. Kumfikisha siku hizi si kazi ngumu. Samaki wa mapambo husafirishwa ndani ya mfuko wa nailoni wenye maji kidogo na oksijeni nyingi, mfuko ukatiwa kwenye boksi lisilopitisha joto, na kwa namna hiyo wavuvi wa Kilifi, Kanamai na Shimoni kule Kenya wamekuwa wakiwapeleka samaki wa miamba hadi Ulaya na Marekani kwa miongo kadhaa. Anayeweza kufika London akiwa hai anaweza kufika Rulenge. Kisichoingia kwenye mfuko ule ni ujuzi wa mvuvi. Sura hii imeandikwa kwa ajili ya mtu wa bara anayemtamani samaki wa bahari, na nia yangu ni kumpa sehemu ya ujuzi huo kabla hajatoa hela.

Kwanza tuelewane kuhusu sumu. Kuna samaki wenye sumu ya kudunga na kuna samaki wenye sumu ya kuliwa. Wa kwanza hubeba sumu kwenye miiba, akajilinda kwa kukuchoma. Wa pili hubeba sumu mwilini, kwenye ini, mayai, ngozi na pengine nyama, na hakudhuru mpaka yeye mwenyewe aingie tumboni kwako. Kundi la tatu, ambalo wauzaji wengi hawalitaji, humwaga sumu ndani ya maji. Kila kundi lina hatari yake ndani ya nyumba, na tahadhari ya moja haikusaidii kwa jingine.

Bunju ni wa kundi la pili. Sumu yake inaitwa tetrodotoksini, jina alilolitoa mwanasayansi wa Japani, Yoshizumi Tahara, mwaka 1909. Inaziba njia ambazo neva hutumia kupeleka taarifa kwenye misuli. Midomo na ulimi hufa ganzi kwanza, kisha vidole, kisha miguu inakataa kubeba mwili, na mwishowe misuli ya kupumua inasimama. Mgonjwa mara nyingi anakuwa na akili zake timamu muda wote huo, anasikia kila linalosemwa kitandani kwake na hawezi kujibu. Dawa ya kuiondoa haipo. Kinachookoa ni mashine ya kupumulia, mpaka mwili wenyewe uitoe sumu, na anayevuka saa 24 za mwanzo kwa kawaida hupona. Kuchemsha, kukaanga na kukausha hakubadilishi chochote.

Nahodha James Cook aliyaonja hayo Septemba 1774 huko New Caledonia. Aliuziwa samaki na wenyeji, yeye na wanasayansi wawili aliosafiri nao wakaonja kidogo tu ya ini na mayai. Usiku wa manane waliamka viungo vimekufa ganzi, Cook akashindwa kupambanua uzito wa kitu chepesi na kizito. Wao walipona. Nguruwe aliyekula matumbo ya samaki yule alikutwa asubuhi amekufa.

Ninamtaja nguruwe yule kwa sababu nyumbani kwako hatari ya bunju iko palepale alipokuwa yeye. Bunju aliye hai ndani ya tangi hatakupa sumu kwa kumwangalia, wala kwa kuchovya mkono kwenye maji yake. Atakung'ata, hilo ndilo litakalotokea, na meno yake manne yaliyoungana yanavunja gamba la kaa. Siku atakapokufa ndipo hatari inapoanza. Samaki aliyekufa, katika nyumba ya Biharamulo, ni kitoweo, au ni chakula cha mbwa, au anatupwa jalalani ambako kuku na paka wanafika kabla ya jioni. Msaidizi wa nyumbani ambaye hakuambiwa chochote anamwona samaki mnene, hana harufu, amekufa leo asubuhi. Kwa nini amtupe? Anamjua sangara, anamjua sato, na mgebuka wa Kigoma amemla. Hakuna kitu katika maisha yake kilichomfundisha kwamba samaki mbichi anaweza kuua.

Bunju waliofugwa tangu wakiwa wadogo kwa chakula safi huonekana kuwa na sumu kidogo sana au kutokuwa nayo kabisa, kwa kuwa sumu hiyo inatokana na bakteria na hupitia kwenye chakula anachokula baharini. Usijenge nyumba juu ya habari hiyo. Wa kwako alivuliwa, na hakuna mtu Ngara atakayempima. Mhesabu kuwa na sumu tangu siku ya kwanza hadi unapomfukia.

Ninamwelewa anayempenda. Ni samaki mwenye macho yanayozunguka kila moja kwa upande wake, anamtambua anayemlisha na kumfuata kwenye kioo. Lakini meno yake hayaachi kukua na lazima apate vitu vigumu vya kutafuna, na hapa mtu wa bara huanza kufikiria konokono wa kwenye madimbwi na kandokando ya ziwa. Simama hapo. Konokono wa maji baridi ndio wanaobeba kichocho, na kanda ya Ziwa Victoria inakijua vizuri kichocho. Kuingia dimbwini kwa miguu mitupu ili kumtafutia samaki konokono ni kujitafutia ugonjwa mwingine kabisa.

Wa kundi la kwanza anayenunuliwa sana duniani ni samaki-simba, yule mwenye mistari ya kahawia na nyeupe na mapezi yaliyotanuka kama manyoya ya jogoo. Aina moja, Pterois miles, ni wa kwetu, anaishi kwenye miamba ya pwani yote ya Afrika Mashariki. Ana miiba 13 mgongoni, miwili kwenye mapezi ya tumboni na mitatu nyuma ya tumbo: jumla 18. Hafukuzi mtu. Anachomwa mwenye tangi aliyeingiza mkono kusogeza jiwe huku macho yake yako kwenye jiwe na samaki yuko upande wa pili wa kiganja.

Maumivu yake ni makali na huweza kuchukua saa kadhaa. Sumu hii ni protini, na joto huivunja. Kwa hiyo huduma ya kwanza ni kuzamisha sehemu iliyochomwa kwenye maji ya moto ya nyuzi 40 hadi 45 za Selsiasi, kwa dakika 30 hadi 90, ukiyabadilisha yanapopoa. Kuna kosa moja ambalo naliona likisubiri kutendeka. Nyumba nyingi za Ngara zina chupa ya chai yenye maji yaliyochemka asubuhi. Baridi ya kule inataka hivyo. Mtu anayelia kwa maumivu atamimina maji ya chupa moja kwa moja kwenye beseni na kuingiza mkono. Mkono ule umeshaharibiwa na sumu, hauwezi kupima joto vizuri, na utatoka malengelenge. Changanya na maji ya baridi kwanza. Pima kwa mkono ulio mzima, au kwa kiwiko cha mtu mwingine, kama mama anavyopima maji ya kumwogesha mtoto. Yakiwa ya moto lakini yanavumilika, ndipo uzamishe.

Usichanje, usifyonze, usifunge kamba. Na lile jiwe jeusi ambalo watu wa maziwa makuu huweka kwenye jeraha la nyoka, liache kabatini. Toa vipande vya mwiba vinavyoonekana, kisha nenda hospitali, iwe Murugwanza, Rulenge au Biharamulo, kwa sababu jeraha linaweza kuoza na pepopunda haina huruma. Mganga atakayekupokea ameshaona watu walioumwa na nyoka, ameshaona walioumwa na mbwa. Samaki-simba hajawahi kumwona. Andika mapema kwenye karatasi jina la samaki, jina lake la kisayansi, aina ya sumu na hiyo habari ya maji ya moto, uibandike ubavuni mwa tangi, na siku hiyo ibebe.

Kuhusu samaki-jiwe sina maneno mengi: usimlete. Ndiye samaki mwenye sumu ya kudunga kali kuliko wote wanaojulikana, anafanana na jiwe lililoota ukungu, na mtu anayesafisha tangi anamgusa akidhani ni jiwe. Dawa yake ilianza kutengenezwa Australia mwaka 1959 na hadi leo inatoka hukohuko. Hospitali ya wilaya iliyo mpakani mwa Rwanda na Burundi haina sababu yoyote ya kuwa nayo kwenye friji. Ngogo wa baharini wenye mistari, Plotosus, nao ni wazuri wakiwa wadogo, wanatembea kwa kundi lililoshikana kama mpira. Miiba yao mitatu ina sumu. Anayemjua kambare wa Burigi au gogogo wa Ziwa Victoria atadhani anamjua na huyu. Mkono wake utakwenda kwa mazoea, na ndivyo atakavyochomwa.

Kundi la tatu linanipa wasiwasi kuliko yote kwa mazingira ya Ngara, na sababu ni umeme. Samaki-sanduku, yule wa manjano mwenye madoa meusi na umbo la boksi, huuzwa akiwa mdogo kama kete, na ni vigumu kuamini kwamba anaweza kudhuru. Akishtuka au akiishiwa pumzi, ngozi yake hutoa ute wenye sumu. Baharini ute huo unasombwa na maji mengi. Ndani ya lita 200 haupati pa kwenda. Unaweza kuua kila samaki aliye ndani ya tangi, na yeye mwenyewe pamoja nao.

Nini kinamshtua? Kuhamishwa, kusumbuliwa na samaki wakubwa, na maji yaliyoisha oksijeni. Pampu ikizimika maji hayazunguki. Tena Ngara ni nchi ya juu. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Tanga, na maji yaliyo wazi kwa hewa hiyo hushika oksijeni pungufu. Hita nayo ikizimika, usiku wa Juni unayashusha maji chini ya nyuzi 24 ambazo samaki wa miamba anazihitaji. Mtambo wa Rusumo wa megawati 80, unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, uko palepale wilayani, na hali ya umeme si ile ya enzi za majenereta ya dizeli. Bado nyaya hukatika na mvua hupiga. Anayetaka samaki-sanduku bila betri ya akiba ya kuendesha pampu anasubiri asubuhi atakayoamka na kukuta tangi zima limekufa. Ushauri wangu ni kwamba asimtafute kabisa.

Kinachoweza kuipeleka familia nzima hospitali, hata hivyo, kinaweza kuwa kitu ambacho wengi hawakihesabu kuwa kiumbe. Watu hununua mawe yenye matumbawe laini, yale yanayofunguka kama vishada vya vifungo vyenye rangi, yanaitwa zoantidi. Baadhi yake yana palitoksini, miongoni mwa sumu kali kabisa zinazotengenezwa na viumbe hai. Machi 2018, katika kijiji cha Steventon, Oxfordshire, Uingereza, familia moja ilipelekwa hospitali baada ya matumbawe kutolewa kwenye tangi la nyumbani, na baadhi ya waokoaji waliowafuata nao wakahitaji kuangaliwa na madaktari. Hakuna aliyekula chochote wala kuchomwa. Sumu ilitoka kwenye jiwe ikaingia hewani.

Mtu wa Biharamulo anayetaka kusafisha jiwe lililochafuka atafanya nini? Atachemsha maji amwagie, au atalitia sufuriani. Tumezoea kwamba maji yaliyochemka yanaua kila kitu kibaya. Kwa jiwe hili, mvuke ndio utakaoibeba sumu hadi kifuani mwako na kwa watoto waliolala chumba cha pili. Jiwe la matumbawe halichemshwi, halisuguliwi likiwa kavu, halishikwi bila glavu na miwani. Nafuu zaidi ni kuweka mawe makavu yasiyo na kiumbe, na mandhari ya tangi isikuumize roho.

Nimefika kwenye jambo ambalo wakazi wa bonde la Kagera wana haki ya kulizungumza kuliko watu wengi duniani. Mwaka 1985 samaki-simba alionekana kwa mara ya kwanza katika pwani ya Florida, Marekani, bahari ambayo si yake. Chanzo kinachokubalika ni matangi ya nyumbani: watu walichoka naye, wakamwonea huruma, wakamwachia. Leo yuko Karibi nzima na Ghuba ya Mexico, anakula vifaranga vya samaki wa miamba, na jike moja linaweza kutaga mayai milioni mbili kwa mwaka.

Magugu maji yalikuja kwetu kwa huruma ya namna hiyohiyo. Ni ua la Amerika Kusini, lililopandwa kwenye madimbwi ya bustani kwa sababu ya uzuri wake wa zambarau. Likatoka bustanini upande wa Rwanda, likaingia kwenye Akagera, likapita Rusumo ambapo mto huo hukutana na Ruvubu, na mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana Ziwa Victoria. Katika miaka ya 1990 mialo ilifungwa na zulia la kijani, mitumbwi ikakwama, samaki wakakosa hewa. Wadudu walioletwa kuyala walisaidia sana, lakini Kagera haijaacha kuyashusha. Mtu mmoja alitaka dimbwi lake lipendeze.

Mtu atasema samaki wa bahari akitupwa Kagera atakufa, na ni kweli. Maji baridi yatamuua mapema. Lakini wapo bunju wa maji baridi. Mmoja, Tetraodon mbu, ni wa Ziwa Tanganyika na bonde la Kongo, anakua zaidi ya nusu mita, na anauzwa duniani kama samaki wa mapambo. Anayeshindwa gharama za maji chumvi huanza kumfikiria yeye, naye huja na tabia zote za bunju pamoja na uwezo wa kuishi Ruvubu. Kutoka Ruvubu ni Kagera, kutoka Kagera ni Victoria. Ziwa hilo limeshabeba sangara aliyeletwa na watu. Lisiongezewe mwingine kwa sababu mtu wa Ngara alihama nyumba.

Maji yenyewe nayo yana pa kwenda. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Ukibadilisha lita 40 kila mwezi, unatoa zaidi ya kilo moja na robo ya chumvi, na katika nyumba zetu maji machafu huishia shinani mwa mgomba. Mgomba hauvumilii chumvi. Majani yataanza kuungua pembeni, na kwa mwaka mmoja shamba lililokulisha litakuwa limedhoofishwa na tangi. Tumia shimo maalumu, mbali na shamba, na mbali zaidi na kisima. Wala usidanganyike kwamba chumvi ya dukani au ya Uvinza itatosha kutengenezea maji hayo. Ni chumvi ya kula. Maji ya bahari yana kalsiamu, magnesiamu na madini mengine ambayo samaki wa miamba hawezi kukaa bila hayo. Chumvi maalumu inanunuliwa kwa mfuko, inatoka mbali, na gharama yake itakufuata kila mwezi kwa miaka yote ambayo samaki atakuwa hai.

Samaki-simba akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka kumi na zaidi. Kwa hiyo kabla hajafika, mwite kila anayeingia nyumbani humo, mke au mume, watoto, shangazi anayekuja sikukuu, dada wa kazi, kijana wa bustani, uwaonyeshe picha yake na kuwaambia kwa sauti: huyu haliwi, huyu hashikwi, akifa nitamtoa mimi. Funika tangi kwa kifuniko chenye komeo. Weka vyandarua viwili vidogo vya mpini mrefu, na sifongo ya fimbo ya kusafishia kioo ili mkono usiingie majini bila sababu. Muulize afisa uvuvi wa wilaya kuhusu vibali kabla mfuko haujafungwa pwani.

Na samaki akiugua pasipo kupona, au ukashindwa kumtunza na hakuna wa kumpokea, kuna njia isiyo ya mto wala jalala. Mafuta ya karafuu, yaleyale ya Pemba tunayopaka jino linalouma, humlaza samaki usingizi. Tikisa matone machache ndani ya chupa yenye maji kidogo ya tangi mpaka yawe meupe, yamimine kwenye ndoo alimo samaki, ngoja alale, kisha ongeza dozi kubwa na umwache humo mpaka mashavu yameacha kabisa kucheza kwa muda mrefu. Mtoe kwa chandarua, usimshike kwa mkono, maana mwiba wa samaki-simba aliyekufa bado unachoma. Mfunge kwenye mifuko miwili, umfukie shimo la kina cha mkono mzima, uweke jiwe zito juu ya udongo, mbwa asifukue.